Familia ya Doha na Mtoto wa Kuasili: Safari Moja, Sheria Tatu (Sehemu ya Pili)

Kuasili mtoto ni tendo la kisheria ambalo kwalo mahakama huondoa haki na wajibu wa wazazi waliomzaa mtoto na kuvikabidhi kwa wazazi wengine, hata mtoto huyo akahesabiwa, katika jina, malezi na urithi, kana kwamba amezaliwa ndani ya ndoa ya hao waliomchukua. Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi tendo hilo lilivyoingia katika sheria za Afrika Mashariki kutoka Uingereza, ambako lilitungiwa sheria mwaka 1926, na jinsi lilivyokutana na desturi za ukoo ambazo tangu zamani zilimwezesha mtoto kulelewa na shangazi, bibi au mama mdogo bila karatasi yoyote. Sehemu hii inahusu jambo gumu zaidi, nalo ni hali ya familia ya Waafrika Mashariki inayoishi Ghuba, ambayo inakusudia kusafiri pamoja, wazazi na watoto wao, kurudi Nairobi, Dar es Salaam au Kampala kumchukua mtoto na kumleta nyumbani kwao Doha.

Mtaa wa Fereej Bin Mahmoud unafaa kuchukuliwa kuwa mfano, kwa kuwa ni miongoni mwa mitaa ya katikati ya Doha ambako wageni wenye kazi za ofisini, hospitalini, hotelini na madukani hupanga nyumba za ghorofa pamoja na wake, waume na watoto wao. Mtaa huo uko kati ya Msheireb na Al Sadd, na tangu Novemba 2019 una kituo chake katika Njia ya Dhahabu ya treni ya mjini. Familia ya aina inayozungumzwa hapa ni ile iliyopata ukazi wa kifamilia, yaani kibali kinachotolewa kwa mfanyakazi mwenye kazi na mshahara unaofikia kiwango kilichowekwa na serikali, naye huwadhamini mwenzi wake na watoto wake. Walinzi, wafanyakazi wa ujenzi na wafanyakazi wa majumbani, ambao ndio wengi miongoni mwa Wakenya na Waganda walioko Qatar, kwa kawaida hawafikii kiwango hicho, na watoto wanaowalea hubaki kwa ndugu nyumbani na kutumiwa fedha kila mwezi.

Kikwazo cha kwanza ambacho familia hukutana nacho ni kalenda, nacho ni kizito kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Kazi ya Qatar, Na. 14 ya 2004, humpa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua wiki tatu ikiwa utumishi wake haujafika miaka mitano, na wiki nne ukishafika miaka hiyo. Sheria za watoto za Afrika Mashariki, kwa upande wao, hazikubali kwamba mzazi na mtoto wanaweza kujuana katika wiki tatu. Nchini Kenya, ombi la kuasili haliwezi kuwasilishwa Mahakama Kuu kabla mtoto hajakaa mikononi mwa mwombaji, ndani ya Kenya, kwa miezi mitatu mfululizo. Uganda humtaka asiye raia awe amekaa nchini mwaka mmoja na kumlea mtoto mwaka mmoja chini ya uangalizi wa afisa wa ustawi wa jamii. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, humtaka asiye raia awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo na awe amemlea mtoto kwa malezi ya kambo, yaani malezi ya muda yanayosimamiwa na afisa ustawi wa jamii, kwa muda usiopungua miezi mitatu, na zaidi ya hayo airidhishe mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri itakayotolewa.

Matokeo yake ni kwamba familia iliyoondoka Doha pamoja kwa nadra hurudi pamoja. Baba, ambaye mara nyingi ndiye mdhamini wa ukazi wa wote, hulazimika kurudi kazini likizo inapokwisha. Mama hubaki Nairobi na mtoto mpya pamoja na watoto wakubwa, ambao ama wakose masomo ya muhula mzima ama watafutiwe shule ya muda. Na kwa kuwa mkazi wa Qatar anayekaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita huweza kupoteza kibali chake asipoomba ruhusa mapema, kila ahirisho la shauri mahakamani huwa ni hatari kwa familia yote. Ucheleweshaji huo haupaswi kulaumiwa ovyo. Katika miezi hiyo mahakama humteua mlezi wa shauri, ambaye ni mtu anayeangalia maslahi ya mtoto peke yake na kutoa taarifa yake kwa jaji, na maafisa huchunguza kama kweli mtoto hana ndugu wa kumlea, kama ridhaa ya mama yake ilitolewa kwa hiari, na kama hakuna fedha iliyopita mkono kwa mkono.

Sababu ya ukali huo ni historia chungu ya eneo hili. Nchini Uganda, kabla ya marekebisho ya mwaka 2016, wageni waliokwepa sharti la ukazi wa miaka mitatu waliomba tu ulezi wa kisheria, amri nyepesi ambayo iliwawezesha kuondoka na mtoto baada ya wiki chache na kumwasili huko walikokwenda. Marekebisho ya mwaka huo yalipunguza muda wa ukazi lakini yakaufanya ulezi huo kuwa wa raia wa Uganda pekee. Ubaya wa njia ile ulidhihirika Agosti 2020, Marekani ilipowawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na washirika wao kwa kushiriki katika mpango ambamo watoto waliokuwa na wazazi wao waliondolewa vijijini kwa ahadi za uongo na kupelekwa kwa familia za Kimarekani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya kuwatoa nchini watoto walioasiliwa mnamo Septemba 2013, Baraza la Mawaziri la Kenya likasimamisha kuasiliwa kwa watoto na wageni Novemba 2014, na Ethiopia, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa watoto wengi zaidi duniani, ilifunga mlango huo Januari 2018. Mwombaji mwema anayetoka Bin Mahmoud anabeba mzigo wa makosa ya watu waliomtangulia, na ni haki aubebe, kwa sababu mzigo wa mtoto aliyeibwa ni mkubwa zaidi.

Wakenya, Watanzania na Waganda wanaoishi Doha huweza kudhani kwamba masharti ya wageni hayawahusu kwa kuwa wao ni raia. Kwa Tanzania na Uganda dhana hiyo ina msingi, maana vifungu vilivyotajwa huzungumzia asiye raia. Lakini uko Mkataba wa The Hague wa 29 Mei 1993 kuhusu ushirikiano wa nchi katika kuasili watoto, ambao Kenya iliingia mwaka 2007, na mkataba huo hauulizi pasipoti ya mzazi bali unauliza makazi yake ya kawaida. Kwa kipimo hicho, mume na mke Wakenya waliokaa Doha miaka kumi ni wakazi wa Qatar, na mtoto wanayemchukua anahama kutoka nchi moja kwenda nyingine. Qatar si mwanachama wa mkataba huo, kwa hiyo haina mamlaka kuu ya kuasili, yaani ofisi ya serikali ambayo katika nchi wanachama huchunguza nyumba ya mwombaji, huthibitisha kwamba anafaa, na hutoa ahadi kwamba mtoto ataruhusiwa kuingia na kukaa. Jaji wa Nairobi anayetaka kujua ni nani aliyeikagua nyumba ya familia hiyo huko Fereej Bin Mahmoud hapati ofisi ya kuandikia barua.

Sheria ya tatu, baada ya ile ya nchi ya mtoto na ile ya kimataifa, ni ya Qatar yenyewe, na hapa ndipo mategemeo ya wengi hukatika. Sheria ya Familia ya Qatar, Na. 22 ya 2006, imejengwa juu ya fiqhi ya Kiislamu, na fiqhi haikubali kuasili kwa maana iliyoelezwa mwanzoni, kwa kuwa Sura ya Al-Ahzab iliagiza watoto waitwe kwa majina ya baba zao waliowazaa. Badala yake kuna kafala ya mtoto, ambayo ni ahadi ya kumlea, kumlisha, kumsomesha na kumlinda mtoto asiyekuwa wa damu bila kulifuta jina lake wala nasaba yake. Nayo isichanganywe na mfumo wa udhamini wa wafanyakazi wa Ghuba, ambao huitwa kwa jina hilohilo. Mtoto aliyeokotwa nchini Qatar hahitaji kutafutiwa taifa, kwa maana Sheria ya Uraia Na. 38 ya 2005 humhesabu kuwa Mqatari kwa tajnisi, na kituo cha Dreama jijini Doha kimepewa kazi ya kuwalea watoto wa namna hiyo na kuwapatia familia. Hata hivyo, mpango huo uliwekwa kwa ajili ya watoto wa nchi ile, wala haukuwekwa uwe njia ya kuingiza mtoto aliyeasiliwa Kampala.

Hatari ya kutokuelewana kati ya mifumo hii ilionekana wazi katika shauri la wanandoa Wamarekani wenye asili ya Asia, waliohamia Doha mwaka 2012 kwa kazi ya uhandisi wakiwa na watoto watatu waliowaasili kutoka Ghana na Uganda. Januari 2013 binti yao wa miaka minane alifariki, wazazi wakakamatwa, na katika uchunguzi polisi waliona shaka kubwa kwamba watu wamechukua watoto wasiofanana nao kwa sura, wakafikiria hata biashara ya viungo. Machi 2014 walihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na tarehe 30 Novemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa iliwaachia huru, wakaondoka Qatar siku chache baadaye. Karatasi zao za kuasili zilikuwa halali katika nchi zilizozitoa. Kilichokosekana ni uelewa, katika nchi walimoishi, wa taasisi ambayo karatasi hizo zilitokana nayo.

Kwa familia ya Kiislamu kutoka Mombasa, Tanga au Unguja, kafala si njia ya pili iliyo duni, na inastahili kutajwa kwa heshima inayostahiki. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kwa jina katika kifungu cha 20. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inaitambua kuwa malezi mbadala, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 nayo imeipa nafasi. Maswali yanayoleta wasiwasi yana majibu yaliyokwisha kuwekwa: mtoto aliyenyonyeshwa na mama mlezi mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili huwa mahramu wa nyumba ile, yaani mtu asiyeweza kuoana na watu wake, kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani na ya Hanbali yanayofuatwa Qatar, na ingawa mtoto wa kafala harithi, mlezi anaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali yake. Udhaifu wake uko kwingine, nao ni kwamba familia nyingi hulea kwa kafala kwa mdomo tu, na mtoto asiye na amri ya mahakama wala ya kadhi hawezi kuombewa ukazi wa Doha na mtu ambaye jina lake halimo katika cheti chake cha kuzaliwa.

Ndiyo maana mpangilio wa hatua una uzito kuliko tiketi ya ndege. Swali la kwanza lapaswa kuulizwa Doha, katika ofisi za ukazi, kwa maandishi: je, mtoto huyu, kwa amri ya namna hii, atapewa kibali? Jibu likishapatikana ndipo ombi lipelekwe kwa ustawi wa jamii wa nchi ya mtoto, na amri ikishatolewa ipigwe muhuri na wizara ya mambo ya nje ya nchi hiyo, kisha ubalozi wa Qatar unaoihudumia nchi hiyo, kisha Wizara ya Mambo ya Nje mjini Doha, kwa kuwa Qatar haimo katika mkataba wa kimataifa unaofupisha uthibitishaji wa hati. Familia inayoanza na tiketi huishia na mtoto anayeitwa mwana katika hati za Dar es Salaam na mgeni asiye na jamaa katika dirisha la uhamiaji.

Balozi za Kenya, Tanzania na Uganda zilizoko Doha zina uwezo wa kuliondoa pengo hilo kwa kiasi kikubwa, kwa kukubaliana na serikali ya Qatar juu ya nani atakayeichunguza nyumba ya mwombaji na ni amri ipi, ya kuasili au ya kafala, itakayotosha kumpatia mtoto ukazi. Kazi hiyo haihitaji sheria mpya bungeni. Inahitaji barua, kikao na maafisa watakaoifuatilia, na raia waishio Qatar wana haki ya kuzidai balozi zao ziianze.