Las Vegas: foleni nayo ni sehemu ya bei

Jumapili ya sikukuu, kuanzia saa tano asubuhi, barabara kuu ya I-15 itokayo Las Vegas kwenda Los Angeles huanza kujaa. Kufika alasiri magari yameshonana hadi mpaka wa California. Ni kilomita 430 hivi, mwendo wa saa nne njia ikiwa nyeupe; siku kama hiyo huweza kuwa saa nane. Waliomo magarini wengi wao wameliwa. Chumba kimeshalipwa, pesa ya kamari imekwisha, watoto wanagombana kiti cha nyuma, na kiyoyozi kinapambana na joto la jangwa la Mojave.

Kibiashara, foleni hiyo haikuzuka hivi hivi. Kusini mwa California ndiko soko kubwa la Las Vegas, na wateja wa huko wengi huja kwa gari, Ijumaa kwenda na Jumapili kurudi. Hoteli hutaka vyumba vyao saa ileile, kwa hiyo maelfu ya watu hushika barabara kwa pamoja. Upande wa Nevada kuna njia tatu za kuelekea kusini. Ukivuka mpaka pale Primm zinabaki mbili. California haina sababu kubwa ya kukimbilia kupanua barabara inayopeleka pesa za watu wake jimbo la jirani. Desemba 2021 magavana wa majimbo yote mawili walitangaza kwamba bega la barabara litatumika kama njia ya tatu siku za msongamano, kwa takriban kilomita nane. Ilianza kutumika mwaka uliofuata. Baada ya kilomita nane, njia ni mbili tena.

Na hakuna njia nyingine ya maana. Julai 2024 lori lililobeba betri za lithiamu lilipinduka na kuwaka moto karibu na Baker, barabara ikafungwa karibu siku mbili na watu wakakwama jangwani na maji kidogo. Baker penyewe ni kijiji kinachoishi kwa wasafiri hao: mafuta ya bei ya juu, nyama kavu, vyoo, na kipimajoto cha mita 41 kilichojengwa mwaka 1991 ili mtu apunguze mwendo na kupiga picha. Foleni kwao ni neema.

Primm haikupata neema hiyo. Familia ya Primm ilifungua kasino ya Whiskey Pete's hapo mpakani mwaka 1977, ikafuata Primm Valley mwaka 1990 na Buffalo Bill's mwaka 1994, yenye treni ya kubembea. Hesabu yao ilikuwa rahisi: dereva wa California aliyechoka akutane na meza ya kwanza, na aliyetoka Las Vegas na dola ishirini za mwisho aziache hapo. Mwaka 2007 kasino hizo tatu ziliuzwa kwa dola milioni 400. Desemba 2024 Whiskey Pete's ilifungwa, na katikati ya 2025 Buffalo Bill's ikaacha kufanya kazi saa 24. Jirani yake, jengo la maduka ya nguo za bei nafuu limebaki karibu tupu. Kinachoendelea kuvuta watu ni kibanda cha bahati nasibu, hatua chache ndani ya California: katiba ya Nevada inakataza bahati nasibu, kwa hiyo wakazi wa jiji la kamari huendesha gari hadi mpakani kununua tiketi. Mtu acheke tu.

Aliyeiua Primm hakutoka Las Vegas. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba California haiwezi kuzuia michezo ya kamari kwenye ardhi ya makabila ya Wahindi Wekundu, na Machi 2000 wapiga kura wa jimbo hilo wakayaruhusu makabila kuendesha kasino kamili. Leo zipo zaidi ya 60, baadhi saa moja tu kutoka Los Angeles. Mtu anaweza kuliwa jioni na kulala kwake.

Kwa ushindani wa namna hiyo ungetarajia Las Vegas ishushe bei. Imefanya kinyume. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hoteli za Strip, barabara ya kasino kubwa za jiji hilo, hupata zaidi ya nusu ya mapato nje ya kamari, na kila kilichokuwa chambo kimegeuzwa bidhaa. Maegesho, yaliyokuwa ya bure, yalianza kulipiwa mwaka 2016. Juu ya bei ya chumba kuna ada ya hoteli inayoweza kupita dola 50 kwa usiku. Mezani nako mkazo umeongezeka. Ruleti yenye sifuri moja humwachia mwenye meza wastani wa dola 2.70 katika kila dola 100 zinazowekwa. Yenye mbili, 5.26; yenye tatu, iliyoingia Strip karibu muongo mmoja uliopita, 7.69. Anayeweka dola 15 kwa mzunguko, mizunguko 40 kwa saa, amepitisha mezani dola 600 na kwa wastani ameacha 46. Kwenye blackjack, karata mbili zikitimia 21 kwa dau la dola 10, zamani ulilipwa 15. Meza nyingi za dau dogo sasa hulipa 12.

Mwaka 2024 Las Vegas ilipokea wageni zaidi ya milioni 41. Mwaka 2025 idadi ikashuka. Wakuu wa sekta hutaja uchumi na wageni wachache kutoka Kanada, na hilo ni kweli, ila mteja wa gari naye anapiga hesabu: mafuta, maegesho, ada, meza, kisha saa nane za kurudi.

Kwetu, anayetandika mkeka kwenye simu Dar es Salaam au Nairobi hana safari ya kwenda wala kurudi, na hilo halimsaidii. Foleni ya I-15 angalau humtenga mtu na meza kwa saa kadhaa. Simu humfuata hadi kitandani.

Matumaini ya Las Vegas sasa yako kwenye treni ya mwendo kasi ya Brightline West, itakayopita sehemu kubwa katikati ya barabara hiyohiyo, kilomita 350 kwa jumla. Ujenzi ulizinduliwa Aprili 2024 kwa ruzuku ya serikali kuu ya dola bilioni 3. Makadirio ya gharama yamepanda kutoka bilioni 12 hadi kupita 21, na tarehe ya kuanza imesogezwa kutoka 2028 hadi mwisho wa 2029. Kituo chake cha mwisho California kitakuwa Rancho Cucamonga, mbali na katikati ya Los Angeles. Hata ikifika kwa wakati, itapunguza magari barabarani bila kugusa ada wala sifuri ya tatu. Hoteli inayotaka kumrudisha mteja wa gari haina haja ya kuisubiri treni. Ianze kwa kumrudishia maegesho ya bure.