Wanawake wa Kwanza Jukwaani Uingereza



Katika mikutano yetu ya tawi bado tunawasikia wengine wakisema, "Kazi hii si ya wanawake." Maneno hayo si mapya. Huko Uingereza zamani yalisemwa hata juu ya kazi ya kuigiza michezo.

Wengi wetu tunaujua mchezo wa Shakespeare uitwao Mabepari wa Venisi, ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri mwaka 1969. Ndani yake yumo Portia, mwanamke hodari anayeshinda kesi. Lakini enzi ya Shakespeare, Portia aliigizwa na mvulana aliyevalishwa gauni. Wanawake hawakupewa kazi katika makampuni ya waigizaji wa London.

Mwaka 1642 Bunge lilifunga kumbi za michezo. Zilifunguliwa tena mwaka 1660, Mfalme Charles wa Pili aliporudi kutoka uhamishoni. Makampuni mawili tu yalipewa ruhusa: moja la Thomas Killigrew, jingine la William Davenant. Tarehe 8 Desemba 1660, kampuni ya Killigrew ilionyesha mchezo wa Othello, na mwanamke akaigiza nafasi ya Desdemona. Jina la tajiri liliandikwa. Jina la mfanyakazi huyo halikuandikwa. Mwaka 1662 hati ya mfalme ikaruhusu wazi wanawake waigize nafasi za kike.

Je, haki ilikuwa imepatikana? La. Katika makampuni hayo walikuwapo wenye hisa, waliogawana faida, na walikuwapo watu wa mshahara tu. Kwa kawaida wanawake waliwekwa katika kundi hilo la pili.

Mwaka 1682 makampuni hayo yaliungana. Kuanzia hapo mwigizaji asiyeridhika hakuwa na mwajiri mwingine mjini London. Baadaye kampuni ikaangukia mikononi mwa mwanasheria Christopher Rich. Wakubwa wakabana malipo, wakaanza kuwanyang'anya waigizaji wa siku nyingi nafasi zao na kuwapa vijana. Elizabeth Barry alikuwa mwigizaji mashuhuri sana. Nafasi zake zilipelekwa kwa Anne Bracegirdle, aliyekuwa mdogo kwake. Mwigizaji mwenzao, Colley Cibber, aliandika kwamba Bracegirdle alikataa kuzipokea.

Wanawake hao wawili wakaungana na Thomas Betterton na wenzao, wakapeleka malalamiko serikalini. Mwaka 1695 walipewa ruhusa ya kuanzisha kampuni yao wenyewe, wakafungua ukumbi huko Lincoln's Inn Fields mwezi Aprili. Humo Barry na Bracegirdle walikuwa wenye hisa, sawa na wanaume.

Ndugu, tangu kuingia kazini hadi kupata hisa hiyo ilipita miaka 35. Mlango wa kazi ulifunguliwa na mfalme, lakini hisa ililetwa na umoja. Msimamizi akikupa kesho kazi ya mwenzako ili amtupe nje, fanya kama Bracegirdle: kataa, kisha njoo chamani.