Ofisa Aliyemshtaki Waziri Wake

Mwanasheria wa jeshi hufanya mengi zaidi ya kuwatia hatiani askari watoro. Leo atamshauri kamanda kama sheria za vita zinaruhusu kushambulia shabaha fulani, kesho atamwandikia askari wosia kabla hajaenda vitani, na keshokutwa atasimama katika mahakama ya kijeshi kuendesha mashtaka au kutetea. Kama askari, anatakiwa atii amri halali. Kama wakili, hana ruhusa ya kumtupa mteja wake. Uzito wa kazi hii huonekana pale mambo hayo mawili yanapogongana.

Mgongano huo ulimkuta Charles Swift. Alihitimu Chuo cha Jeshi la Majini la Marekani mwaka 1984, akatumikia melini, kisha akasomea sheria na kuhitimu mwaka 1994. Akiwa na cheo cha luteni kamanda, alipangiwa kumtetea Salim Hamdan, raia wa Yemen aliyekuwa dereva wa Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda. Hamdan alikamatwa Afghanistan mwaka 2001 na kupelekwa katika gereza la kijeshi la Marekani la Guantánamo. Upande wa mashtaka ulimfungulia Swift mlango wa kumwona mteja wake kwa sharti moja: mazungumzo yao yahusu kukiri kosa.

Tulitazame sharti hilo kwa makini. Mshtakiwa amefungiwa peke yake, na anayeletewa kuwa mtetezi amevaa sare ya jeshi lile lile linalomshikilia. Mtetezi huyo akikubali kuja kwa ajili ya kumshawishi akiri tu, basi amekuwa mjumbe wa mashtaka. Swift alimweleza Hamdan kwamba kulikuwa na njia nyingine, nayo ni kwenda mahakamani kuipinga serikali. Mwaka 2004 alifungua shauri katika mahakama ya shirikisho mjini Seattle, kwa jina lake mwenyewe kwa niaba ya mteja, dhidi ya Waziri wa Ulinzi, Donald Rumsfeld. Huo haukuwa uasi. Aliagizwa atetee, naye akatetea.

Tarehe 29 Juni 2006, baada ya Profesa Neal Katyal, aliyeshirikiana na Swift, kuwasilisha hoja za upande wa Hamdan, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 5 dhidi ya 3 kwamba tume za kijeshi zilizoundwa na Rais George W. Bush kuwahukumu wafungwa kama Hamdan zilikiuka sheria za kijeshi za Marekani na Mikataba ya Geneva. Wiki mbili hivi baadaye, Swift alijulishwa kwamba hatapandishwa cheo. Katika Jeshi la Majini la Marekani, ofisa asiyepandishwa cheo kwa kawaida huondoka, naye akastaafu mwaka 2007. Hata hivyo alirudi kumtetea Hamdan akiwa wakili wa kiraia katika kesi ya mwaka 2008. Hamdan alihukumiwa miezi 66, mingi akiwa ameshaitumikia, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikaifuta hatia yake.

Kijana anayesomea sheria na kuitamani sare ajiulize kwanza kama yuko tayari kumtetea kwa moyo wote mtu ambaye jeshi zima linamchukia. Serikali nazo ziwawekee mawakili wa utetezi mfumo wa vyeo usiotegemea makamanda wanaopambana nao mahakamani. Jeshi linalomlinda mtetezi wa adui yake linailinda haki ya kila askari wake.