Mtoto Anasema Hajui Kuchora? Mpe Duara!

Jumapili iliyopita, hapahapa Mji Kasoro Bahari, mtoto wa dada yangu kanitupia penseli. "Anko, mimi sijui!" Iliniuma, msomaji wangu. Enzi zangu mwalimu mmoja aliinua daftari langu juu, darasa zima likanicheka. Sikuchora tena.

Nikamkalisha barazani, Uluguru ile mbele yetu. "Usichore mlima, chora pembetatu." Kachora tatu zimebanana. "Hiyo ndefu iite Lupanga." Dogo meno nje!

Tukaja kwa kuku: duara kubwa mwili, duara dogo kichwa, pembetatu mdomo. Unaunganisha, unafuta mistari iliyozidi, kuku huyo! Nyumba je? Mraba, juu pembetatu. Penseli ipite taratibu tu, ukikandamiza haifutiki.

Usidhani ni mambo ya wasomi. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar mwaka 1968, hakusomea sanaa. Alipaka rangi za baiskeli kwenye vibao vya mraba. Leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake.

Jioni dogo kanirudishia penseli. "Haya anko, zamu yako."

Mkono ukanitetemeka. Nikaanza na duara.