INJINI IKIFA, NANI ALIPE?

Vichochoro vya Kibokoni ni vyembamba na joto la Mombasa mnalijua. Tuktuk hushinda kwenye gia ndogo kutwa nzima, na mkopo nao unangoja kila mwezi. Siku injini inapokufa, wengi humwambia fundi, "Hebu fungua tuone." Ngoja kwanza! Ukiifungua bila aliyekupa waranti kujua, anaweza kusema umeichezea na kukataa dai lako.

Waranti hulipia kasoro ya kiwandani. Hailipii uzembe wala kuchakaa kwa kawaida. Kwa hivyo chanzo cha ugonjwa ndicho kinachoamua nani atalipa.

1. Oili imekuwa kama chai ya maziwa: Kwa injini ya kupozwa na maji, hayo maji yameingia kwenye oili. Mara nyingi gasketi ya hedi imeungua au hedi imepinda kwa joto. Rejeta ilikauka nawe ukaendelea tu? Hapo utalipa wewe. Pampu ya maji ilivuja ingali mpya? Hapo una dai.

2. Injini inagonga upande wa chini, kisha inakwama: Huenda beringi zimekosa oili. Oili ikiwa tope jeusi, utaulizwa uliibadilisha lini. Ikiwa safi na ya kutosha, pampu ya oili ichunguzwe.

3. Moshi wa bluu na nguvu hakuna: Oili inaungua ndani, pengine ringi za pistoni zimelika. Kwa injini kuukuu ni kawaida. Kwa mpya, sivyo.

La kufanya ni hili. Taa ya oili ikiwaka, zima hapo hapo, wala usiwashe tena ati unajaribu. Usimwage oili. Piga picha, andika kilomita, mpelekee muuzaji barua na ubaki na nakala. Fundi aandike chanzo, si "imenoki" basi. Vipuri vilivyoharibika visitupwe.

Soma pia mipaka ya waranti. Kwa kawaida ni miezi na kilomita, na unaotangulia kufika ndio unaoimaliza. Tuktuk ya kazi humaliza kilomita kabla ya miezi.

Je, gari la mtumba kutoka Japani? Kenya hairuhusu kuingiza lililozidi miaka 8, na mara nyingi waranti ya kiwanda imeshakwisha. Hata hivyo, Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ya mwaka 2012 humhesabu mfanyabiashara kuwa ameahidi bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, hata kama hakuandika. Lakini kasoro uliyoonyeshwa ukakubali kununua, ni vigumu kuidai baadaye.

Mkishindwa kuelewana, dai lisilozidi shilingi 1,000,000 laweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, nayo Mombasa ipo. Wakili si lazima, ushahidi ndio lazima.

Basi weka risiti za sevisi, hata za fundi wa jua kali. Manake wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.