Mpira wa Kamera: Usiuogope, Lakini Uliza



Huku kwetu kando ya ziwa, kuanzia Muhuru hadi Mbita na Kendu Bay, mtu akitapika damu maneno huwa mengi. Mmoja atasema amerogwa, mwingine atasema ni vidonda vya tumbo. Chanzo kimoja ambacho wengi hawakifikirii ni kichocho cha matumbo. Ugonjwa huu hupitia kwenye ngozi tunapooga, kufua au kuvua. Ukikaa mwilini miaka mingi bila dawa, mayai ya minyoo yake huziba njia za damu ndani ya ini. Damu ikikosa njia, hujaa katika mishipa ya koo la chakula. Mishipa inavimba, na siku moja inapasuka. Hapo ni kukimbia hospitali, si kungoja kesho.

Huko daktari anaweza kusema mgonjwa aangaliwe kwa kamera. Basi, wako wanaokataa wakisikia hivyo tu. Tuelezane ili mtu asipoteze maisha kwa sababu ya hofu.

MPIRA HUO NI NINI?

Ni mpira mrefu, mwembamba, unaopinda, wenye taa na kamera kwenye ncha. Hupitishwa mdomoni hadi tumboni, na daktari huona ndani kama kwenye televisheni. Katikati yake kuna mfereji mdogo wa kupitishia vifaa. Kwa mpira huo daktari anaweza kuifunga mishipa inayovuja damu. Hospitali ya Tenwek kule Bomet inajulikana kwa kuwasaidia hivyo wagonjwa wa saratani ya koo la chakula: huwekewa kijibomba ili chakula kipite.

HATARI IKO WAPI?

Mpira huu ni wa bei kubwa, kwa hivyo kwa kawaida hautupwi. Leo umetumiwa kwa huyu, kesho kwa yule. Tena hauwezi kuchemshwa kama makasi ya chuma, maana joto litauharibu. Lazima usafishwe hatua kwa hatua:

1. Ukitolewa tu kwa mgonjwa, unapanguswa na mfereji wake unapitishwa maji ya sabuni kabla uchafu haujakauka.
2. Unapimwa kama una tundu linalovuja.
3. Unasuguliwa kwa brashi, nje na ndani ya mfereji.
4. Unalowekwa katika dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa, bila kupunguza hata dakika.
5. Unasuuzwa kwa maji safi, unakaushwa, kisha unatundikwa wima.

Akina mama wanajua kibuyu cha maziwa. Ukitia maji ya moto bila kusugua ndani, maziwa ya kesho yataharibika. Na mpira ni hivyo hivyo: dawa haifiki mahali palipobaki uchafu.

KIFAA CHENYEWE KIKIWA NA KASORO

Wakati mwingine wahudumu hawana makosa. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba katika hospitali ya chuo kikuu cha UCLA huko Marekani, wagonjwa 7 waliambukizwa vijidudu sugu kupitia mipira ya aina hii inayotumiwa kutazama njia za nyongo. Maambukizi hayo yalichangia vifo vya 2 kati yao. Hospitali ilisema ilifuata maagizo ya kusafisha. Shida ilikuwa kwenye ncha: kulikuwa na sehemu ndogo inayoinuka, na brashi haikuifikia vizuri. Januari 2016 kampuni ya Olympus iliirudisha mipira hiyo ili ncha ibadilishwe.

Hata Kenya tumeyaona. Mapema mwaka 2012 serikali iliagiza vipimo vya haraka vya HIV vya aina ya Bioline viondolewe, baada ya Shirika la Afya Duniani kutoa onyo kuhusu ubora wake. Kurudisha kifaa kibovu si aibu. Aibu ni kunyamaza na kuendelea kukitumia.

SISI TUFANYE NINI?

Kabla ya kupimwa, uliza kwa heshima: "Sista, mpira huu umesafishwa vipi baada ya mgonjwa aliyetangulia?" Mhudumu anayejua kazi yake hatakasirika. Mweleze dawa unazomeza, na ufuate maagizo ya kutokula.

Baada ya kupimwa, tunza karatasi yenye tarehe na jina la kipimo. Kifaa kikija kugunduliwa kuwa kibovu, karatasi hiyo ndiyo itakayosaidia upatikane. Ukipata homa, maumivu makali ya kifua au tumbo, au ukitapika damu, rudi mara moja.

Ukishuku kifaa chochote, hata sindano au kipimo cha sukari, mwambie msimamizi wa kituo. Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo wengi huiita PPB, hupokea taarifa za vifaa kama vile za dawa, na mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuripoti.

Zaidi ya yote, dawa ya kichocho inapogawiwa, tumezeni. Tujenge vyoo na tuvitumie. Ni rahisi kuliko kutafuta kamera usiku mtu akitapika damu.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Nani katika kijiji chetu ameogopa kipimo, na tulimsaidiaje?
2. Mwenzetu akitapika damu usiku, ni gari la nani litamfikisha hospitali, na nauli itatoka wapi?
3. Karatasi zetu za hospitali tunaziweka wapi?