Kwa nini Ijara haiachani na Land Cruiser

Mnunuzi asiyeijua Land Cruiser pikapu ya toleo la 70 atashangaa inauzwaje. Toleo hilo lilitoka mwaka 1984, na sura yake haijabadilika sana tangu hapo. Injini yake ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, haina turbo. Ikibebeshwa mzigo hupanda mlima kwa uvivu. Springi za nyuma ni vyuma vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo aliyekaa juu ya mizigo hushuka ameshika kiuno. Kasoro ninayoiona kubwa zaidi ni ya magurudumu: katika pikapu nyingi za kuanzia 2007, ya nyuma yamekaribiana kuliko ya mbele. Kwenye mchanga mzito hayafuati mkondo uliofunguliwa na ya mbele, yanachimba mkondo mpya. Injini inalia, dizeli inakwenda, na utingo anachukua koleo.

Lakini nenda Ijara, kaskazini mashariki mwa Kenya: pita njia ya Garissa kwenda Masalani, au ukate kuelekea Hulugho, uone polisi, mashirika ya misaada na wafanyabiashara wa mifugo wanaendesha nini. Ni pikapu hiyohiyo, na utafiti wa chapa unasaidia kueleza kwa nini.

Mwaka 2009 watafiti Brakus, Schmitt na Zarantonello waliigawa hali ya mtu kukutana na chapa katika mafungu manne: hisi za mwili, moyo, fikra na vitendo. Walionyesha kwamba yanayompata mteja mikononi mwa chapa humfanya arudi, hata mbali na kuridhika kwake kwa kawaida. Huko Ijara mafungu yote manne humfika mtu kwa siku moja ya mvua.

Chukua gari linalompeleka mama mwenye uchungu hospitalini Masalani. Udongo mweusi umelowa, giza linaingia, magurudumu yanazunguka bure. Dereva anatia gia nzito, gari linatikisika, linajinasua, linafika. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba binadamu hahifadhi wastani wa safari: hukumbuka kilele chake na mwisho wake. Saa tano za kurushwarushwa husahaulika. Kujinasua na kufika ndiko kunakosimuliwa nyumbani kwa miaka. Hapo gari limekuwa mtu wa familia, na mtu wa familia husamehewa.

Sababu ya pili husahauliwa na wauzaji wengi. Kasoro inayojulikana haiumizi kama kasoro ya kushtukiza. Pampu ya dizeli ya 1HZ haiendeshwi na kompyuta. Fundi mwenye spana chini ya mgunga anaweza kuifikia. Mwenye gari anajua kitakachoharibika, nani atakitengeneza na takriban kwa bei gani. Gari laini lenye vihisi kila kona likizima porini humwachia taa nyekundu asiyoweza kuisoma. (Vipuri bandia ndivyo vinavyoharibu uhakika huu.)

Mapenzi haya hayana hati ya kudumu. Land Rover, iliyozaliwa 1948, ndiyo ilikuwa gari la maofisa wa serikali kaskazini mwa Kenya kwa miaka mingi, na wazee wanalitaja jina hilo kwa heshima hadi leo. Heshima ilibaki, wateja wakahama. Na sasa barabara ya lami ya Lamu–Ijara–Garissa inajengwa chini ya mradi wa LAPSSET. Lami ikikamilika, gari dogo kama Probox litafika lilikokuwa halithubutu, kwa mafuta kidogo, na kijana ambaye hajawahi kukwama matopeni hatakuwa na kisa cha kumfunga na pikapu ya baba yake.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuuza gari Ijara, la chapa yoyote, weka fedha ya mabango kando kwanza. Fungua duka la vipuri halali Masalani, ufundishe mafundi waliopo, na uwe umefanya hivyo kabla ya mvua za vuli.